Majivu Ambayo Hayakuoshwa

Alhamisi, mwezi wa nane. Ukungu ulikalia Mbooni mpaka saa tano, baridi ya kumfanya mtu aongee na jiko. Mikono yangu inanuka moshi, ngozi ya vidole imebambuka, na ninaandika nikiwa bado nimevaa aproni. Nikienda kuoga kwanza nitarudi hapa nikiwa mnyenyekevu, na leo sitaki unyenyekevu.

Nimeshinda.

Acha niseme polepole, maana miezi miwili yote hapa nimekuwa nikilialia tu. Asubuhi hii nimefungua tanuru kwa mara ya tatu. Vyombo vilivyokuwa ndani ni ishirini na viwili. Vilivyoharibika ni viwili. Vingine vyote vinang'aa mpaka nimeona pua yangu ndani ya bakuli, na sijawahi kuipenda pua yangu namna hii.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mfinyanzi. Karakana yangu ni ile nyumba ya kuku iliyo nyuma ya jiko letu. Niliifagia, nikaipaka chokaa, nikatoboa dirisha. Kuku walihamia chini ya ghala na bado hawajanisamehe. Tanuru ni pipa la chuma nililolipanga matofali kwa ndani, na kuni naziokota shambani.

Aliyenifundisha udongo ni mama mkwe wangu. Namwita Mwaitu, mama, kama anavyomwita mume wangu Kyalo. Vyungu vya Mwaitu vinajulikana kilima hiki chote na huko chini mpaka Tawa sokoni. Havijulikani kwa jina lake, vinajulikana kwa alama. Huku kwetu kila mfinyanzi ana alama yake, anaichora shingoni mwa chungu kabla udongo haujakauka. Ya Mwaitu ni mistari miwili iliyolala, na nukta chini yake. Mama wa kijijini anapogeuza chungu akaona mistari na nukta, hapigi tena na kidole kusikia kama kimepasuka. Anakibeba.

Alama haichukuliwi. Alama unapewa na aliyekufundisha, siku atakayoona unafaa.

Nimefinyanga miaka minne bila alama. Nikienda sokoni, wanawake wanageuza vikombe vyangu, wanatafuta, hawaoni kitu. "Hii ni ya nani?" wanauliza. Nasema ni yangu. Wanasema "ooh," halafu wanakirudisha chini taratibu, kama unavyomrudisha mtoto wa wenyewe.

Sasa niungame jambo moja. Mwaitu alizaa wavulana wanne na hakupata msichana. Na kwetu mwanaume hakaribii udongo wala moto wa vyungu, akikaribia vinapasuka. Kwa hiyo ile alama, ambayo Mwaitu aliipata kwa mama yake, haina mahali pa kwenda isipokuwa kwangu. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilidhani atanipa haraka, kwa kukosa mwingine. Hakunipa. Vidole vyake vikaanza kukakamaa, mwaka jana akaacha kufinyanga kabisa, na bado hakunipa. Hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kuandika hapa.

Na mimi, badala ya kutulia, nikajitia kwenye glezi.

Glezi ni ile ngozi ya kioo unayoiona kwenye vikombe vya dukani. Chungu cha Mwaitu hakina. Kinapumua, kinapoza maji, na kwa maji hakuna kitu kizuri zaidi. Lakini ukitia chai ya maziwa kwenye udongo mtupu, kikombe kinakunywa na wewe, na baada ya wiki kinanuka. Watu wananiuliza vikombe. Nikaamua nitatengeneza glezi yangu mwenyewe, kwa majivu, chupa zilizosagwa na udongo wetu, kitu ambacho hakuna mtu kwenye kilima hiki amefanya. Nilijiambia ni kwa ajili ya wateja. Ukweli ni kwamba nilitaka Mwaitu aone kitu ambacho yeye hawezi.

Alikiona. Aliniona pia nikiosha majivu.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba majivu lazima yaoshwe: unayatia kwenye ndoo ya maji, unakoroga, yakitulia unamwaga maji, unarudia mara tatu. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua maharagwe. Akaangalia ndoo ya kwanza. Akaangalia ya pili. Kwa ya tatu akashindwa kunyamaza.

"Mama Mumbua, unaosha majivu?"

"Ndio, Mwaitu. Ndio inatakikana."

"Sawa. Ukimaliza uoshe pia sabuni."

Nilicheka kwa adabu na kuendelea kuosha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu ni zima. Nilichovunja ni vyombo.

Mchomo wa kwanza, mwezi wa sita, glezi haikuyeyuka. Vikombe vilitoka vimekauka na kukwaruza kama msasa, ukipitisha mdomo unakumbuka dhambi zako. Mchomo wa pili nikasema moto ulikuwa mdogo, nikaushindilia kuni mpaka pipa likawa jekundu. Glezi bado ilikuwa nusu, ila udongo wenyewe sasa ndio ulichoka. Udongo wetu wa bondeni hauvumilii moto mkali hivyo. Vikombe vililala ubavu, mabakuli yakainama, na birika moja ikawa imeinamia mkono wake kama mlevi wa Jumapili.

Nilivifukia vyote kwenye shamba la mahindi. Ndiyo, nilivifukia. Kyalo alinisaidia kuchimba, mtu mwema. Siku ya tatu kuku, wale wale niliowahamisha, wakafukua.

Mwaitu alikuja karakana na kipande mkononi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Udongo wa kule chini mimi nimechimba tangu nikiwa msichana," alisema. "Sijawahi kuuzika."

Halafu akaweka sharti. Nijaribu mara ya tatu. Nikishindwa, niache hii kitu ya kioo, nirudi kwenye chungu cha maji na moto wa wazi, nijifunze vizuri kilicho changu. Sikuuliza kuhusu alama. Nilielewa kwamba ndiyo tulikuwa tunaizungumzia.

Jumatano ile kwenye fellowship ya akina mama niliomba tuombee kazi ya mikono yangu. Sikusema ni glezi. Mama mmoja alidhani nina ugonjwa wa viungo, akanipaka mafuta.

Kilichoniokoa ni uvivu.

Kabla ya mchomo wowote huwa natengeneza pete ndogo za udongo, napaka kila moja glezi ya aina yake, nazipanga karibu na tundu la tanuru ili nizivute kwa waya na kuona moto umefanya nini. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nachoma pete peke yake, za kujaribu tu, na majivu yakaniishia. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaingia jikoni kwa Mwaitu, nikachota mkebe mmoja kutoka kwenye mafiga yake, nikachunga, nikapaka pete moja bila kuosha. Nilichoka, basi.

Pete ile ilitoka inadondoka asali. Zile zingine zote zilikuwa kavu, kwa moto ule ule mdogo, na hiyo moja ilikuwa imeyeyuka mpaka imeganda kwenye waya.

Nilikaa chini nikaiangalia muda mrefu. Kisha nikaenda jikoni kwa Mwaitu tena, nikaangalia mafiga, na nikaona sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ikichemka na kumwagikia moto kama kila siku. Mwaitu hupika isyo yake kwa magadi ili maharagwe yaive haraka, na katika miaka yote niliyomjua hajawahi kuwahi kufunua kifuniko. Povu la magadi linaingia kwenye majivu yale kila siku ya Mungu. Na magadi ndiyo yanayofanya kioo kiyeyuke mapema. Jikoni kwangu situmii magadi, Kyalo yanamchafua tumbo. Na hata majivu yangu mwenyewe yalikuwa na nguvu hiyo kidogo, ile inayofanya majivu yasafishe kama sabuni, nikawa naimwaga na maji ya ndoo, mara tatu, kwa bidii.

Ukimaliza uoshe pia sabuni.

Nilienda kumwambia. Alisikiliza, akafunua sufuria povu likiwa limeshamwagika, akasema, "Sasa hiyo umejua." Nilimuomba majivu. Alinijazia debe zima.

Jumatatu na Jumanne wiki hii nilipaka. Majivu yasiyooshwa yanaunguza, nilijua, lakini glavu zilipasuka siku ya kwanza, ndiyo maana vidole viko hivi. Nilichunga mara mbili kwa kitambaa cha pazia la zamani. Glezi ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, nikaongeza maji, ikawa kama maziwa mabichi, nikaacha hapo. Unashika kikombe kwa vidole viwili, unazamisha, unahesabu moja mbili tatu, unatoa, unatikisa mara moja tu. Halafu kitako unakipangusa kwa sponji yenye maji mpaka udongo uonekane, la sivyo kikombe kitaungana na rafu ya tanuru milele. Sponji yangu nimeikata kwenye godoro la kitanda cha Mumbua, binti yangu, aliye shule ya bweni. Atajua akifunga shule.

Mwaitu alikaa kwenye kigoda siku zote mbili. Mara moja tu alinyoosha kidole kwenye kikombe ambacho sikukipangusa vizuri.

Jumanne jioni nilikuwa nasafisha meza akarudi na kitu ndani ya leso. Alikuwa ameshika kwa mikono yote miwili kwa sababu mmoja hautoshi siku hizi. Ni chungu kidogo, cha kushikwa kwa kiganja, na shingoni kina mistari miwili na nukta. Kimechomwa kwa moto wa wazi, chekundu chenye doa jeusi ubavuni.

"Hii ndio ya mwisho," alisema. "Weka na zako."

Nikamwambia Mwaitu, inaweza kupasuka. Nikamwambia glezi ikikaa nzito itafunika alama isionekane tena. Nikamwambia tuanze na vyangu, hiki tukiache.

"Mimi nimesema weka."

Sikulala vizuri. Nilikipaka glezi, nyembamba shingoni, na hata hivyo alama ilipotea chini ya ule weupe. Nikakiweka kwenye rafu ya kati, mahali moto unapotulia. Nilijisemea kwamba nikiharibu vikombe vyangu nitakuwa mshindwa, ila nikiharibu hiki sijui nitakuwa nani katika boma hili.

Jana alfajiri Kyalo alipakia ovakado kwenye pikipiki akaenda sokoni Salama, kwa sababu mwanaume hakai nyumbani siku ya moto. Yeye ni fundi umeme, mtu wa sayansi, na anasema haamini mambo hayo. Lakini saa nne alinitumia ujumbe: "Niko mbali. Nisogee zaidi?"

Nikawasha moto mdogo, wa kuni nyembamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita nikaongeza. Saa nane na nusu nikavuta pete ya kwanza: kavu. Saa tisa nikavuta ya pili: kavu, imebadilika rangi kidogo tu.

Hapa ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu. Nilishika gogo la muthanduku, mti wa moto mkali, kubwa kama mguu wangu, na nilikuwa nimeshainama. Nilikuwa nawaza kama mwezi wa saba: moto ni mdogo, ongeza, ongeza. Mwaitu alikuwa ukutani na shuka lake.

"Usiukimbize," alisema. "Utaanguka nao."

Nikaliweka gogo chini. Nikakaa. Nikatia kuni nyembamba, moja, baada ya muda nyingine. Sijui kama niliwahi kufanya kitu kigumu kuliko kukaa vile, na nimezaa.

Saa kumi nikavuta pete ya tatu. Ilitoka nyekundu, ikapoa kwenye jiwe mbele yetu, na ikaanza kung'aa. Ilikuwa laini na ya kijani, bila tone lililoning'inia. Nikaziba matundu yote kwa udongo. Mwaitu akanyanyuka akaenda kupika isyo yake.

Leo nilipanga kufungua saa nne. Saa mbili nilimkuta Mwaitu ameshafika, amekalia kigoda mbele ya pipa, mkono mmoja kwenye chuma akipima joto.

"Bado," akasema. Tukangoja. Saa tatu akasema bado. Ilipofika saa nne alitoa mkono tu, na nikatoa matofali ya juu.

Cha kwanza kutoka kilikuwa kikombe. Kijani cha papai linalotaka kuiva, na mahali glezi ilipokaa nzito, karibu na kitako, manjano ya asali. Nikakipiga na kidole, kikaita. Nikatoa cha pili, cha tatu. Kimoja kilikuwa na ufa. Bakuli moja liling'ang'ania rafu, nadhani nalo sikulipangusa vizuri kitako. Lakini vingine vilitoka, na vilitoka, na mimi nikawa natoa sauti ambazo sitaziandika.

Sikutaka kufikia rafu ya kati. Nilianza kupanga vikombe kwenye mstari, nikavipangusa majivu, nikavipanga tena.

"Mama Mumbua," Mwaitu akasema.

Nikaingiza mkono.

Chungu chake kilikuwa kizima. Rangi nyekundu ya udongo imebaki chini, kijani kimepita juu yake, na lile doa jeusi la moto wa zamani linaonekana ndani kama samaki kwenye maji. Nikakigeuza shingo. Glezi haikufunika alama. Ilitiririka ikaingia ndani ya mistari, ikajaa, ikawa kahawia nzito, na mistari miwili na nukta vinaonekana wazi kuliko siku alipovichora.

Mwaitu alikichukua. Alipitisha kidole gumba shingoni, akapitisha tena. Alama huwa inashikika kwa kidole, lakini sasa pamekuwa laini, iko ndani ya kioo.

"Haitatoka tena," alisema.

Nikasema haitatoka, Mwaitu.

Macho yake yalikuwa na maji, kwa moshi, angesema. Halafu akaomba chai, ndani ya kikombe kimoja cha vile vipya. Nikamtilia. Kabla hajanywa alikiweka juu ya gazeti na kutuketisha wote wawili tukingoja, ili aone kama kitavuja. Chai ikapoa. Gazeti likabaki kavu. Akanywa yote ikiwa baridi, akapangusa mdomo.

"Nĩ nzeo," akasema. Ni nzuri. Miaka minne nilikuwa nangoja neno hilo na lilikuja na harufu ya chai iliyopoa.

Kisha akasema, "Lete udongo mbichi."

Nilileta donge. Akalibonyeza juu ya meza kwa ngumi, akachukua kijiti, na kwa vidole vile vilivyokakamaa akachora mstari, akachora wa pili. Alichukua muda. "Hii ni ya mama yangu," akasema. Akachoma nukta. "Hii ni mimi niliongeza." Akaninyooshea kijiti. "Yako iko wapi?"

Na mimi, ambaye nimeitamani alama usiku na mchana, sikuwa na yangu. Sikuwahi kuwaza hata siku moja kwamba nitaongeza kitu. Nilisimama na kijiti kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Mwaitu akaanza kucheka, yule mama, mabega yakitikisika.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Ile pete ya jana ilikuwa humo, iliyong'aa saa kumi. Nikaichukua na kubonyeza ukingo wake kwenye udongo, kando ya nukta yake. Ikaacha mduara mdogo, safi.

Mwaitu akainama akaangalia.

"Hiyo ni ya magadi," akasema.

Kyalo amerudi jioni. Alisimama langoni akauliza kwa mbali kama sasa anaruhusiwa. Nilimkimbilia na kikombe. Alikigeuza, mjinga, akatafuta alama, na nikamwambia hivyo vya leo havina, vilishachomwa. Vitakaa hapa nyumbani, tutavinywea sisi.

Lile donge linakauka dirishani mwa karakana. Mistari miwili, nukta, na mduara. Nitalichoma, lakini sitalipaka glezi. Nataka liendelee kushikika kwa kidole.

Kesho ukungu ukiwa bado chini nitakuwa nimeshakanda udongo. Nitatengeneza kikombe kimoja tu, polepole, na kabla hakijakauka nitakichora. Siku moja mama fulani atakigeuza pale Tawa na kuniuliza ni cha nani. Sitamjibu. Nitangoja asome mwenyewe.